Mshono wa Paa la Shemeji

Watu wa gereji walimwita Kidole, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na babake. Mafundi wengine wa bodi wakiziba mshono wa gari hulainisha gundi kwa kijiti. Yeye alipitisha kidole kitupu toka mwanzo wa paa mpaka mwisho, pumzi ameibana, kisha akageuka kuwatazama watu kama bwana harusi.

"Hapo," alikuwa akisema, "hata machozi ya chura hayapiti."

Chura hana machozi, na yeye alijua hivyo, lakini nani angembishia? Kazi zake hazikuwa zikivuja. Hazikuwa zikivuja, nasema, mpaka ilipokuja pikapu ya shemeji yake.

Shemeji huyo, mume wa dada yake, ndiye aliyeiendesha pikapu ile tangu ikiwa na meno yote, akibeba magodoro, mbao na makabati ya watu wanaohama. Asubuhi moja aliinama kuokota kifuniko cha tangi, na hakuinuka tena kwa nguvu zake. Kiharusi kilimnyang'anya miguu, mikono na ulimi. Kikamwachia masikio, akili na macho.

Dada mtu akajifunza kuendesha gari ukubwani, gia zikilia mpaka mtaa mzima unajua bibi katoka. Alikuwa akimpeleka mumewe kliniki ya mazoezi ya viungo, naye Mungu si Athumani: kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kusogea. Kidogo tu, kama mtoto anayecheza tumboni. Ndipo akamwomba kaka yake aifufue pikapu kabla haijawaachia njiani. Kidole alikwangua kutu, akanyoosha mabati, akaziba mshono wa paa na kulipaka rangi ya samawati. Ungeiona, ungeiposa.

Mvua zilipoanza, dada akarudi gereji.

"Kaka, inavuja."

"Nini inavuja?"

"Paa."

"Paa gani?"

"Ulitaka niseme la jirani?"

Tone lilikuwa likidondoka juu ya kiti cha abiria, sawasawa na paji la uso la shemeji. Mimi na wewe tungesogeza kichwa, au tungepangusa, hadithi ikaishia hapo. Yeye hakuweza. Mkewe naye kashika usukani kwa mikono miwili, vioo vimeziba kwa mvuke, malori yanapita ubavuni. Mpaka wafike, mzee wa watu macho mekundu, machozi yanamtiririka. Sasa mawingu yakitanda tu, anakaza meno na kunguruma mpaka majirani waliombeba wanamrudisha ndani.

"Mazoezi yamesimama," dada alisema. "Yule mtaalamu kaniambia tukiendelea hivi, hicho kidole gumba kitarudi kulala. Na kikilala, kaka, sijui kama kitaamka tena."

Kidole hakuwa mtu wa kushindwa na tone. Alikwangua mshono palepale juu ya kiti cha abiria, akatia gundi mpya, akapitisha kidole. Shemeji alikuwa kando, kwenye kiti chake cha magurudumu, macho ameyakaza kwenye kona ya mbele ya paa, upande wa dereva.

"Shemeji, mbona unaitazama kona ile kama ina mchumba? Tone lipo huku."

"Mmm," shemeji alinguruma.

"Usijali, nimemaliza. Mwanamume halii kwa sababu ya mvua, bwana!"

Dada hakucheka. Gundi ilipokauka, alichukua mpira wa maji akamwagia paa, Kidole amesimama mlangoni, kichwa ndani. Kimya. Halafu, to! Akakwangua tena, akaziba tena. To! Safari hii alitukana bati, akatukana kiwanda kilicholitengeneza, akatukana na mvua yenyewe.

"Wewe unachungulia tu mlangoni," dada akamwambia. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kaa anapokaa yeye. Mikono mapajani. Na usipanguse."

Kidole aliingia akicheka, dada akamfunga mkanda, akamfungia na mlango. Alijaribu kutupa mzaha kupitia kioo, lakini maji yalikuwa yakipiga bati na hakuna aliyemsikia. Akaliona tone likichungulia kwenye mshono, likinenepa, likining'inia. Shingo ilitaka kukwepa, akaizuia. Likaanguka kwenye paji, likashuka taratibu mpaka jichoni.

Likawasha.

Si kuwasha kwa maji. Ulikuwa ule moto wa kuogeshwa utotoni, mama amekubana kwa magoti na wewe unapiga kelele. Mkono ulinyanyuka wenyewe, akaushusha. Tone la pili lilikuta la kwanza bado linachoma. Jicho moja limefumba, la pili likatafuta mahali pa kwenda, likaenda kona ya mbele, upande wa dereva. Pale ambapo shemeji alikuwa akitazama tangu asubuhi.

Alitoka nje akilamba midomo.

"Dada, shemeji alikuwa akitumia sabuni?"

Dada alifunga maji kwanza. "Zamani. Mvua zikija alikuwa akisugua mche wa sabuni pale juu ya kioo, upande wake. Alisema itaziba mpaka apate nafasi ya kuja kwako."

"Hakuja."

"Nafasi hakuipata."

Basi Kidole akakumbuka. Katika kona ile alikuta kitu kigumu cha njano, akadhani ni puti ya zamani ya kujazia bati. Akakipiga msasa, akapitisha gundi juu yake na kile kidole chake chenye sifa. Sabuni na gundi ni mtu na mke mwenzake, havishikani. Maji yalipenya pale, yakaila sabuni kidogokidogo, yakatembea ndani ya mshono mpaka upande wa pili. Maji si mgeni mwenye adabu. Hayatokei mlango yaliyoingilia.

Alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu. Tangu shemeji augue, Kidole alikuwa akimsemesha kwa kusimama, kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara.

"Shemeji, ni pale?"

Kidole gumba kikasogea.

"Ulikuwa ukinionyesha siku zote."

Kikasogea.

"Na hukuwa ukilia. Ilikuwa sabuni."

Kidole gumba kilitulia. Shemeji alimtazama, hakupepesa.

"Haya," Kidole akasema polepole. "Si sabuni yote."

Kikasogea.

Kazi ya kona ile ilimla mchana mzima. Alifungua mpira wa kioo cha mbele, akaitoa sabuni kwa ncha ya bisibisi, akasuuza kwa maji ya moto mpaka povu likaisha, akakausha, akasugua bati kwa brashi ya waya, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaiacha ishike, ndipo akatia gundi. Kidole kilipopita mshononi, gereji nzima ilingoja kusikia habari za chura. Yeye akaenda kunawa mikono.

Siku ya kliniki iliamka na mawingu meusi. Majirani walimnyanyua shemeji, naye akakaza meno. Kidole akapanda nyuma, kwenye bodi ya wazi.

"Shemeji, likikudondokea tone moja, mimi huku nitakuwa nimekunywa pipa zima. Twende."

Meno hayakulegea, lakini hakunguruma. Wakamwingiza.

Mvua iliwakuta kabla ya mteremko. Kidole alishikilia chuma, maji yakimwingia shingoni na kutokea viatuni, uso ameubandika kwenye kioo cha nyuma. Shemeji alikuwa ameinua macho kwenye mshono juu yake, akingoja. Wakapita soko, akingoja. Wakapita kiwanda cha mbao, bado akingoja. Mara kichwa kikaegemea mlango.

Kidole aligonga kioo kwa ngumi. Dada alipunguza mwendo, akamtazama mumewe, akanyoosha mkono akagusa paji lake. Kisha akageuka nyuma, na kwa midomo tu, taratibu, ili kaka mtu aisome kupitia maji:

"Amelala."

Kidole aliinua mkono apanguse mvua usoni. Ukafika nusu njia. Akaushusha, akauweka pajani, akaiacha imtiririke.