Sindano ya Kukomaza Mapafu

Mwanangu alitimiza mwaka bila kusimama. Mtoto wa jirani yetu hapa Ruiru, aliyezaliwa wiki moja naye, alikuwa tayari anamkimbiza paka. Nilijiambia kila mtoto ana wakati wake, lakini mama mkwe wangu, ambaye sote nyumbani tunamwita shosho, yaani bibi, hakuridhika. Yeye hufuga kuku wa nyama kule mtaa wa Landless, na mambo mengi ya dunia huyapima kwa kuku.

"Kuku akikuzwa mbio, miguu inakataa kumbeba," aliniambia akiwa amempakata mjukuu wake. "Nyinyi mliharakisha mapafu na sindano. Sasa akili imeachwa nyuma."

Alisema juu ya sindano niliyodungwa hospitalini Thika, uchungu uliponishika miezi miwili kabla ya siku zangu. Ilikuwa dawa aina ya steroidi. Hudungwa mama, ikamfikia mtoto tumboni na kuyaandaa mapafu yake, ili akitoka mapema aweze kupumua. Hilo nililijua. Lakini nilikuwa pia nimesoma kwamba dawa za aina hiyo huweza kugusa ubongo unaokua, kwa hiyo maneno ya shosho yaliniingia. Nikaanza kumkagua mwanangu kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Mwishowe tulimpeleka kliniki, shosho na mimi. Daktari, mama wa makamo, alimketisha mkekani, akamwonyesha kifuniko cha chupa, kisha akakificha chini ya kitambaa. Mtoto akakitazama kitambaa. Akanitazama mimi. Halafu akakivuta kitambaa, akanyakua kifuniko na kukitia mdomoni.

"Haiya! Huyu ni mwizi kamili," shosho akasema.

"Mwizi mwenye kumbukumbu," daktari akacheka. "Umri wake mnahesabu kuanzia lini?"

"Alipozaliwa," nikajibu.

"Hesabuni kuanzia siku aliyotarajiwa. Kwa hesabu hiyo ana miezi kumi, na anafanya mambo ya miezi kumi. Hajachelewa. Nyinyi ndio mnamkimbiza."

"Na ile sindano, daktari?" shosho akauliza.

"Mama, kwa mtoto anayekuja mapema hivyo, inamsaidia kupumua na inapunguza hatari ya damu kuvuja kwa ubongo. Wasiwasi wetu ni kuirudiarudia, ama kumdunga mama ambaye mtoto wake angefika siku zake. Hapo faida ni kidogo, na watafiti bado wanachunguza. Ndiyo maana hatudungi ovyo. Huyu tutaendelea kumwangalia, lakini leo nendeni mkalale."

Tulipotoka niliketi kwenye benchi, machozi yakanitoka.

"Sasa unalia nini na mtoto ni mzima?"

"Hilo ndilo ninalolilia, mama. Ni mzima."

Shosho akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni mwake.

"Basi maliza haraka tupitie Kamakis tukule nyama," akasema. "Tangu asubuhi sijaweza kumeza kitu."