Soda ya Ukweni

Enyi wenye damu tamu, na nyie mnaojiona salama kwa sababu hamjaenda kupima, sogeeni hapa karibu. Sauti yangu siku hizi naitunza. Zamani nikiwaita ng'ombe wangu hapa Natta, hadi nyati walioko ndani ya hifadhi walikuwa wanageuka. Sasa wanageuka wa kwangu tu, na mbuzi mmoja wa jirani asiye na adabu.

Nataka kuwaambia habari ya siku niliyokwenda Susuni, kule Tarime, kuchagua ng'ombe wa mahari ya binti yangu wa mwisho. Lakini siwezi kuanzia Susuni. Lazima nianzie kwenye kiu.

Kiu ile haikuwa ya binadamu. Nilikunywa mpaka mto Mara ukapungua, nyumbu wakavuka bila kulowa kwato, watalii wakarudisha kamera kwenye mifuko. Halafu yote niliyokunywa yakawa yanataka kutoka. Kile kijia cha kwenda chooni nilikipita mpaka kikawa barabara, kimebaki kuwekewa lami tu. Hayo niliyavumilia. Kilichoniumiza ni kichwa.

Kichwa changu hakijawahi kuingia darasani hata siku moja, lakini kilikuwa ndicho daftari la ukoo wetu. Ng'ombe yeyote aliyewahi kulala kwenye zizi letu namjua, na mama yake, na bibi yake, na aliletwa kwa mahari ya nani. Sisi ng'ombe hatuwahesabu. Ukiwahesabu unawaita wezi na magonjwa. Jioni unasimama mlangoni mwa zizi, wanaingia, unawatazama usoni mmoja mmoja, na yule ambaye hayupo utamjua hapohapo.

Basi jioni moja nikasimama mlangoni, wakaingia, nikaona nyuso tu. Nilikuwa kama mtu aliyealikwa harusi ya watu asiowajua. Huyu nani? Na huyu? Nikacheka ili mke wangu asijue. Kesho yake nikamwita kwa jina la dada yangu. Keshokutwa nikavaa koti la mvua jua linawaka. Mdogo wangu, tumenyonya titi moja, akaanza kunitazama kama mtu anavyotazama nyumba iliyoanza kuegemea upande.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka hospitali, Mugumu. Muuguzi mmoja, binti mdogo, akanitoboa kidole, akaangalia kimashine chake, akakitikisa kama redio iliyoisha betri.

"Babu," akasema, "hii damu au asali?"

"Ungenionja kwanza," nikamwambia.

Hakucheka. Akanipa vidonge, akanikataza chai ya sukari, akanikataza soda, akataka kunikataza na ugali, mke wangu akamwombea huruma. Nikameza. Miezi ikaenda. Na ng'ombe wakaanza kurudi kichwani mwangu na majina yao, si wote, lakini wengi.

Siku moja nimekwenda kliniki nikamkuta daktari wa kike, mgeni, anafanya utafiti. Anataka damu, chupa nzima. Nikamwuliza, "Sukari si mmeshaiona? Mnatafuta nini tena humo?"

"Sukari ni abiria mmoja tu, babu," akasema. "Damu ni kama basi la kwenda Musoma. Wamo wengi. Kuna mafuta, kuna mabaki ya nyama uliyokula, kuna takataka zinazopelekwa kwenye figo zikatupwe. Tunataka kujua, kwa watu wa sukari, ni abiria gani wanaopanda kwa wingi pale mtu anapoanza kusahau."

"Mkimpata mtamshusha?"

"Kwanza tumjue sura."

Maneno ya mtu mwenye akili. Nikampa mkono, akanyonya damu yake. Halafu akaanza kupima kichwa. Akasema atanitajia vitu vitatu nivitunze: kiti, ndizi, ufunguo. Nikavitunza. Kisha akasema, "Sasa una mia. Toa saba."

"Saba za nani?"

"Za mtu yeyote tu."

"Wanatoka kwenda wapi?"

"Hawaendi popote, babu. Ni hesabu."

"Mama, hakuna ng'ombe saba wanaotoka zizini bila kwenda popote. Umeripoti polisi?"

Akainamisha uso kwenye makaratasi, mabega yanatikisika. "Haya. Toa saba wengine."

"Mara ya pili? Na wenye mji wamelala tu?"

Akaiweka kalamu chini. Akaniomba nimwambie basi chochote ninachokikumbuka, nami nikamtajia ng'ombe wangu, mama zao na bibi zao, mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakavuta benchi kusikiliza. Mwisho akaniuliza vile vitu vitatu.

"Kiti, ndizi na ufunguo," nikamwambia. "Na wale saba hawajarudi."

Nilipotoka, yule muuguzi mdogo akanishika mkono, akanieleza jambo ambalo ningelisikiliza kwa masikio yote mawili nisingekuwa na hadithi leo. Akasema ubongo hauna ghala. Ini lina akiba, misuli ina akiba, lakini ubongo ni kama kibarua, unakula cha siku hiyohiyo. Sukari ikizidi muda mrefu unazama polepole. Ikipungua ghafla unazimika kama kibatari. Kwa hiyo kidonge nimeze na chakula, kila siku, na mfukoni nitembee na peremende za dharura.

Mgonjwa wa sukari, naamriwa na serikali kutembea na peremende. Nilinunua pakiti nzima. Nikazila zote siku ileile, kujaribu kama zinafanya kazi. Zinafanya kazi.

Sasa binti yangu akapata mchumba Susuni. Hapa kwetu anayekwenda kuchagua ng'ombe ni baba, na anachagua kwa fimbo. Ng'ombe unayemgusa kwa fimbo umemkubali. Mdogo wangu akasimama mbele ya wazee wa ukoo, akasema, "Kaka yangu nampenda. Lakini kichwa chake siku nyingine kipo, siku nyingine kimesafiri. Tukienda ukweni kikiwa safarini, binti yetu ataolewa kwa mifupa."

Sikumchukia. Alisema kweli, na alisema macho yana machozi. Wazee wakaamua niende na fimbo yangu, yeye awe pembeni. Nikiteleza, anaichukua. Na nyie mnajua, fimbo ikishatoka mkononi mwa mzee hairudi. Kuanzia hapo unakuwa mtu wa kuulizwa amekula nini na amelala vipi, basi.

Nikasema sitelezi ng'o. Na hapo ndipo nilipoteleza.

Maana kuna jambo lingine la kwetu. Anayekwenda kuchagua ng'ombe haendi ameshiba. Aliyeshiba ana huruma, anakubali hata ndama mwenye mafua. Njaa ndiyo inayonoa jicho. Na ukifika ukweni hugusi chakula chao wala kinywaji mpaka mpatane juu ya ng'ombe. Ukinywa, umefunga mdomo wako, umekubali walivyo. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu. Alfajiri ile mke wangu akaniwekea viazi vitamu, nikamwambia, "Unataka niende ukweni na macho ya mtu aliyeshiba?" Nikameza kidonge changu kwa maji, kwa utiifu kabisa, nikajisifu kwamba mimi ni mgonjwa mwema. Tukaondoka, mimi, mdogo wangu na wazee wetu. Mugumu tumeipita, Tarime mjini tumeipita, tumbo langu linaimba kwaya ya sauti nne.

Tumefika Susuni jua la saa sita. Salamu peke yake zilichukua muda wa kujenga kanisa. Baba wa kijana alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabasamu la mfanyabiashara wa mnadani. Kreti ya soda ilikuwa imewekwa kivulini palepale, tuione, ikingoja makubaliano. Nikaanza kutoka jasho. Nikasema ni jua. Mikono ikaanza kutetemeka. Nikasema ni uzee. Kisha wakafungua zizi.

Haya yanayofuata nimeambiwa, maana mimi sikuwepo. Mwili ulikuwepo, umevaa koti langu na kofia yangu.

Wanasema nilitembea kati ya ng'ombe bila kumtazama hata mmoja. Nikatoka upande wa pili, nikaenda moja kwa moja mpaka ilipoegeshwa pikipiki ya bwana harusi. Nikaizunguka. Nikaipapasa kiti. Nikainama kutafuta kiwele. Halafu nikasema kwa sauti ya heshima, "Huyu mweusi ametulia sana. Mama yake ni nani?"

Kimya. Mpaka kuku walinyamaza.

Baba wa kijana akakohoa, akasema polepole, "Mama yake... alitoka Sirari, kule mpakani."

"Nilijua tu," nikasema. Nikaigusa kwa fimbo. "Nimemchukua. Na hao wengine wote nimewakubali."

Upande wao wakaanza kutazamana, mtu anabana midomo asicheke, mwingine anaangalia mawinguni. Mdogo wangu akaja, akaniondolea fimbo mkononi. Wanasema nilimwachia kama mtoto anavyoachia kijiko. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko pikipiki.

Hapo akatokea mama wa kijana, mke wa yule mnene. Alikuwa jikoni na wenzake, akasikia kimya, akaja kuangalia. Akanitazama usoni mara moja tu.

"Huyu mzee ana sukari?" akauliza.

"Ana uzee," mdogo wangu akajibu, kichwa chini.

"Uzee hautoi jasho namna hii." Akanishika shingo, akasema imelowa na ni ya baridi. Akaenda kwenye kreti, akachomoa soda, akaing'oa kizibo kwa meno.

Mume wake akasema, "Mama, hiyo ni ya makubaliano."

"Endeleeni kupatana, mtapatana na maiti."

Mzee mmoja wa upande wetu, shemeji yangu, naye akaingilia. "Mama, tunakushukuru, lakini akinywa atakuwa amefunga mdomo. Ni ukweni hapa."

"Anayekunywa kwa ajili ya ukwe, huyo amefunga mdomo," mama akasema. "Huyu anakunywa kwa ajili ya uhai. Mwaka huu mimi mwenyewe nimeanguka kwenye shamba la mihogo, nimemeza kidonge cha sukari sijala, nikawa namsalimia muhogo shikamoo. Mngenikuta mngesema nimelogwa. Shika kichwa chake."

Mdogo wangu akanishika kichwa. Mama akaninywesha, funda kwa funda, kama unavyomnywesha ndama aliyefiwa na mama. Wakanikalisha kivulini. Wakangoja muda wa kukamua ng'ombe wawili.

Na sasa hapa nilikuwepo, naweza kusema mwenyewe. Kwanza nilisikia utamu. Nikafikiri nimekufa, nimefika, na kule juu hawana masharti ya kliniki. Kisha nikaona miguu ya watu. Halafu, jamani, wakaanza kurudi. Mke wangu akarudi na jina lake. Binti yangu akarudi. Muuguzi na peremende zake akarudi. Wote wakaingia mmoja mmoja, kama ng'ombe jioni, na mimi mlangoni nawatambua nyuso.

Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa mbele yangu.

"Kaka. Ni ile sukari tu?"

"Ileile."

"Mimi nilidhani umeshaondoka."

"Nilitoka kidogo," nikamwambia. "Sasa mura, kijana wetu, shika chupa, nipe fimbo."

Akanitazama. Akanipa. Wazee wetu wakanipisha njia ya zizini. Na sijawahi kupokea kitu chepesi namna ile kikanijaza mkono.

Nikasimama, nikaichukua tena soda yangu iliyofika nusu, nikamwomba radhi bwana harusi kwa kumpapasa pikipiki, nikaingia zizini. Na macho yangu, ndugu zangu, siku ile yalikuwa yanaona mpaka ndani ya matumbo ya ng'ombe, walichokula juzi.

"Huyu mwekundu wa sikio lililochanika," nikasema, "bibi yake alitoka kwetu Natta kwa mahari ya shangazi yangu. Ukoo wao wanazaa mara moja, halafu wanastaafu. Mrudisheni."

Nikanywa funda.

"Huyu mweupe anatembea vizuri kwa sababu amesimama. Mpelekeni hatua kumi." Wakampeleka. Kufika ya nne anachechemea kama mimi nikitoka kanisani. "Naye arudi."

Nikanywa funda lingine.

"Na huyu wa mabaka ni ng'ombe mzuri sana, sina neno. Lakini tangu tumefika anaangalia boma la ng'ambo ile. Si wenu huyu, mmeazima. Mrudisheni kwao kabla hajalia."

Kule ng'ambo mtu alicheka kwa sauti. Nikainua chupa kwa mara nyingine, nikamgeukia ng'ombe aliyefuata, na hapo yule baba mnene, mpole wa watu, akashindwa kuvumilia, akamgeukia mke wake mbele yetu sote:

"Mama, sasa nani alikutuma kumpa huyu mzee soda? Si alikuwa ameshakubali pikipiki?"