Siku Wifi Yangu Hakuzirai

Wifi yangu alikuwa na kipaji cha kuzirai. Wengine wamejaliwa sauti, wengine wamejaliwa miguu ya mpira, yeye alijaliwa kuanguka. Alizirai siku ya harusi yake, bibi harusi mzima na shela lake, na kaka yangu kwa akili zake zile akadaka shela, akamwacha mwenye shela afike chini peke yake. Alizirai kliniki mwanawe alipochomwa sindano, mtoto akasahau kulia. Alizirai benki kwenye foleni, na safari moja alizirai msibani, ikabidi wafiwa ndio wampe pole yeye. Mtaa ukambandika jina la Mama Chali, na jina likamkaa.

Daktari alishampima. Alisema moyo hauna neno, ila presha yake hushuka akisimama sana au akiona damu, kwa hiyo anywe maji ya kutosha, na akihisi kizunguzungu akae chini kabla chini haijamfuata. Hayo ya mwisho ni maneno yangu, daktari mwenyewe hakuwa mtu wa utani.

Tunafanya kazi pamoja. Duka letu ni chumba kimoja kirefu. Mbele nakaa mimi na vifungo, zipu na nyuzi. Nyuma kuna meza ya kukatia, pasi, na vyerehani vitatu: cha wifi yangu anayeshona magauni, cha kaka yangu mwenye mashati na suruali, na cha Fundi Koti, mzee wa makoti ambaye maneno anayatoa kwa nadra. Mawifi wengine hununiana. Sisi tulisemana, tena kutwa, na siku asiponisema nilikuwa nauliza kama anaumwa.

Sasa, kuzirai kwake kulikuwa na utaratibu. Kwanza aliuweka mkasi mezani, makali yakielekea ukutani. Pili alisema, "Jamani, naenda," kwa sauti ya mtu anayeaga kwenda dukani. Uso ukampauka, jasho likamtoka juu ya mdomo, akaenda kweli. Kaka alimlaza kwenye vitambaa, Fundi Koti akampandishia miguu juu ya kigoda, mimi nikamlegeza vifungo vya shingoni. Hata pasi haijapoa, keshafumbua macho, mzima, anakumbuka mpaka kipimo cha kiuno alichokuwa anakata.

Ila aliona haya, masikini. Aliona haya mno. Ndiyo maana tukajiwekea sheria dukani: akizirai, hakuna kumkodolea macho. Mlaze, mwinue miguu, rudi kwenye cherehani chako ushone. Mteja akishtuka tulimwambia anapumzika kidogo, tukaendelea kumpima mabega. Tuliiona hiyo ndiyo adabu, na tulijivunia.

Adabu hiyo nusura imuue.

Siku yenyewe alikuwa anakata hariri ya mteja, nasi tunabishana kuhusu vifungo. Yeye anataka vidogo vya kufunikwa kwa kitambaa, mimi nasema vidogo vinamfanya mtu mnene aonekane anataka kupasuka. Redioni taarifa ya habari ya mchana ndiyo kwanza inaanza. Akasema, bila hata kuinua macho kwenye hariri, "Wifi, mdomo wako ungekuwa cherehani, tungeshauvalisha mji mzima." Fundi Koti, ambaye hacheki, akacheka. Nikainama chini ya meza kujifanya natafuta boksi la vifungo, kumbe natafuta jibu. Sijalipata, nikasikia mkasi umeanguka.

Kaka aligeuka akamwona mkewe ameegemea kiti, kidevu kifuani. "Haya, keshaenda," akasema. Wakamlaza yeye na Fundi Koti, wakamwinua miguu, wakamfunika shuka, kila mmoja akarudi kwenye kazi yake. Vyerehani vikaanza kulia. Kaka akaanza na kupiga mluzi.

Mimi nilikuwa na hasira. Mtu hawezi kukutupia neno zito namna ile halafu akazirai kabla hujamjibu, huo ni uonevu. Nikaivunja sheria. Nikaenda nikasimama juu yake, jibu liko mdomoni tayari, nikamwambia, "Wifi, usinifanyie hivyo. Amka unisikilize."

Akanitazama. Macho yalikuwa wazi, na yalikuwa wazi tangu mwanzo. Akataka kunijibu. Upande mmoja wa mdomo ukajibu, upande wa pili ukabaki umelala, na kilichotoka hakikuwa maneno, kilikuwa uji.

Mimi nami nina presha, ila yangu hupanda. Kaka husema tukichanganywa mimi na mkewe tunapata mtu mmoja mzima. Kila nikienda kuchukua dawa, nesi hutuhubiria kwanza: uso, mkono, maneno. Mara nyingi mahubiri hayo huyasikiliza nikisinzia. Mchana ule yaliamka yote kichwani mwangu kwa mpigo.

"Wifi, cheka kidogo," nikamwambia. Nusu ya uso ikacheka. "Inua mikono yote miwili." Wa kushoto ukapanda. Wa kulia, mkono wa mkasi, ukajaribu, ukaanguka kwenye shuka.

"Huyu hakuzirai," nikasema. "Hiki ni kiharusi. Tafuteni gari."

Kaka hakuzima hata cherehani. "Mwache, dada. Si unamjua? Atazinduka sasa hivi." Akainuka taratibu kuleta maji ya sukari.

"Azinduke kutoka wapi, wakati hajaenda popote? Njoo umtazame."

"Hapendi kutazamwa."

"Mtazame, nakwambia." Nikampokonya glasi, maana koo la mtu aliye hivyo si la kuaminiwa, yangempalia. "Aliyezirai anaenda na anarudi, na akirudi anarudi mzima. Mkeo hajaenda, na nusu yake imelala. Halafu niambie, tangu umuoe, lini umemwona akiangusha mkasi?"

Mahubiri ya nesi yasingemgusa. Mkasi ulimgusa. Aliutazama pale sakafuni, aliitazama hariri iliyochanwa mpaka pembeni, ndipo akamtazama mkewe. Sijawahi kumwona kaka yangu na uso ule, wala sitaki kuuona tena.

Fundi Koti alikuwa keshatoka bila kumwambia mtu. Alirudi na pikapu ya muuza rangi wa jirani. Tukamlaza kwa ubavu kati ya makopo, kichwa mapajani kwa mumewe. Muuza rangi akauliza kama hatutamwaga rangi yake. Nikamwambia aendeshe gari, rangi tutaongea baadaye.

Hospitali nesi alitupokea kwa swali moja. "Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa lini? Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini muda wake ukishapita hatumpi."

Kaka akanigeukia mimi. Angejuaje? Alikuwa anapiga mluzi, amempa mkewe mgongo kwa heshima.

"Taarifa ya habari ya mchana ilikuwa inaanza," nikasema.

"Una hakika wakati huo alikuwa anaongea vizuri?"

"Alinitukana, dada yangu. Sentensi nzima, hakukwama popote." Nikamsomea tusi lenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Nesi akang'ata mdomo asicheke, akaandika, wakamsukuma mgonjwa kwenda kupigwa picha ya kichwa.

Dawa alipewa. Daktari alisema tuliwahi, lakini mkono na ulimi havina ahadi, tungoje. Tukangoja. Vidole vilianza kurudi kimoja kimoja. Sauti haikurudi. Alilala akitutazama, na mimi niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ile dukani, kwa sababu nilianza kuiona nyumba yetu bila mtu wa kunisema.

Kwa hiyo nikaongea. Kila jioni nilifika na habari za duka: mteja wa hariri amenuna, Fundi Koti sasa anamkodolea macho kila anayeingia, muuza rangi anadai kopo moja limepotea. Niliogopa kupumua katikati, maana ningepumua ningeusikia ukimya wake. Jioni moja nilikuwa nimefika kwenye vifungo, vikubwa na vidogo, sababu ya kwanza na ya pili na ya tatu, nikaona midomo yake inahangaika. Kaka akamwinamia.

"Wifi," akasema. Akatafuta la pili, akalitafuta sana, jasho likamtoka. "Nyamaza."

Lilitoka limepinda, lakini lilitoka zima. Kaka aliinamisha uso kitandani akalia. Mimi jibu nilikuwa nalo, tena zuri. Nikalimeza, nikamshika ule mkono wa kulia, nikanyamaza mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia.