Asumini za Hamisi

Nilimtilia Hamisi kipande cha papa mkavu mkobani, nikidhani nalipiza kisasi cha mapenzi. Ujinga huo niliukumbuka juzi, nilipomwona binti wa sekondari hapa Kisauni amefunga asumini nyweleni.

Hamisi tulikaa naye dawati moja shuleni, na wiki nzima mkoba wake ulinukia asumini ambazo sikuziona. Nikajifanya mpelelezi. Niliwanusa wasichana wa darasa mmoja mmoja wakipita, nikaamua anayepewa ni Riziki, kwa sababu alikuwa akicheka sana. Siku hizi najua kucheka si ushahidi. Papa nilimwiba kwa jirani yetu, Bi Rukia, mtunga maua.

Alasiri hiyo Hamisi alikuja mlangoni kwetu, akaninyooshea kishada cha asumini kilichonuka papa.

“Mpelekee Riziki,” nikamwambia.

Aliinamisha kichwa, akaenda zake, asirudi tena. Bi Rukia alikuwa barazani kwake na sinia la maua. Alisikia yote, na harufu ya papa wake aliijua.

“Wiki nzima namtungia maua akupe wewe, naye kwa kuona haya anarudi nayo yamenyauka. Sasa jifunge huyo papa nyweleni.”