Nondo Alizotuachia Baba

Usiku ule nilisikia kwanza nyundo ikigonga chuma, taratibu, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Sikuona kitu. Kisha ndotoni kukapambazuka, na Baba yuko juu ya paa letu, kati ya nondo alizoziacha zimechomoza ili siku moja wanawe tuongeze ghorofa. Anazigonga mojamoja. Kutu inamwagikia shati lake la kazini.

Enzi za uhai wake Baba alikuwa mkaguzi wa majengo wa mji. Nguzo zetu alizipitisha mwenyewe, kwa kanuni za wakati ule, na kanuni hizo hazijaguswa mpaka leo. Kwa hizo hizo kaka yangu Salehe alipewa kibali cha kuongeza ghorofa. Kukicha mafundi wangekuja kumwaga zege, na Mama na mtoto wa Salehe wanalala chini yake.

"Mwambie wewe, Baba," nasema. "Mimi hanisikii. Anasema ulishapitisha."

Paa limekuwa ofisi yake ya zamani. Dirishani mvua ya siku hizi, si ile ya utoto wangu, inakula udongo.

"Nilipitisha kwa mvua ile na udongo ule," anasema. "Kanuni zilitakiwa kusomwa upya kila mambo yakibadilika. Hata miaka mitano ni mingi. Nyie mnangoja mazishi."

Namshika mkono. Wa baridi, una vumbi la saruji. "Rudi useme."

"Maiti hafuti sahihi yake. Watoe watu."

Niliamka nikilia. Salehe alikuwa sebuleni anafunga kamba za buti. Nikamsimulia.

"Ndoto nayo imesomea uhandisi?" alicheka. "Mdogo wangu, halmashauri imeruhusu, Baba aliruhusu. Umebaki wewe na mto wako."

Nje mashine ya kuchanganyia zege ikaanza kunguruma.

Mama aliuliza kitu kimoja tu, kile ambacho wakubwa huuliza marehemu anapokuja ndotoni. "Alikuita umfuate?"

"Hapana, Mama. Alisema tutoke."

Akajitanda kanga, akambeba mjukuu wake aliyekuwa bado usingizini.

"Mama, mafundi wako nje," Salehe alisema, sauti imepungua. "Majirani watasema nini?"

"Watasema wameniona nikipita."

Akapita. Mimi nilikuwa nimemng'ang'ania kaka yangu shati, namsihi awarudishe mafundi, niliposikia mlango ukifungwa nyuma yao.