Walizisugua Sarafu Zangu za Kirumi kwa Majivu na Ndimu

Binti huyu wa West Nile ametuomba tumfichie jina lake na la shule yake. Ameandika kwa uchungu, na ukurasa huu unawafikishia maneno yake kama yalivyo.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, Mnubi wa Koboko, nasoma sekondari ya bweni huko Arua. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo likizo zote naishi kwa shangazi yangu, dada wa baba. Nina hasira, lakini nitajaribu kueleza kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa.

Nilipokuwa shule ya msingi nilipenda kukusanya sarafu. Nilikuwa na makuta za Kongo, girishi za Sudan zenye mtu juu ya ngamia, na senti za zamani zenye tundu katikati. Siku moja shangazi alizichukua zile zenye tundu, akazitunga kwenye uzi na kumfunga mtoto wa jirani kiunoni. Nilipolia, alisema, "Pesa yenye tundu iko ya kutunga. Ingekuwa ya kuangalia, nani angetoboa?" Nikagawa zilizobaki, nikaacha kabisa.

Nilirudi kwenye sarafu kwa sababu ya mwalimu wetu wa historia, sista kutoka Italia. Aliuliza darasani nani amewahi kuweka pesa za zamani, na mkono ulionyooka ulikuwa wangu peke yangu. Alipokuwa anarudi kwao alinipa sarafu tano za Kirumi, ndogo, nyeusi, zenye kutu ya kijani. Alisema si za thamani kubwa, na kwamba anayeanza huanza na hizo hizo zilizochakaa. Akanifundisha kuziloweka kwenye maji safi, kuondoa udongo polepole kwa mwiba, na kunakili kila herufi inayotokea. "Ile ngozi ya kijani usiiguse," alisema. "Ukiisugua, uso wa mfalme unaondoka nayo."

Muhula ulipoanza nilichukua moja tu kwenda nayo shuleni, ile niliyokuwa bado naisoma. Nne niliziacha Koboko ndani ya kopo, zimefungwa kwenye pamba.

Wasomaji mnaowajua Wanubi mnajua Idi ikikaribia kunakuwaje. Kila sinia, kila birika, kila kitu cha shaba kinatolewa uani na kusuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka kimulike. Niliporudi likizo, shangazi alinipokea mlangoni na kisahani.

"Ya binti, njoo angalia! Wewe iliacha uchafu, mimi nimesafisha. Sema asante."

Sarafu zangu zilikuwa za njano kama vifungo vya askari. Nyuso zilikuwa zimefutika. Hapakuwa na herufi hata moja.

"Shangazi, umewaua," nikasema.

"Nimeua nani? Hii iko chuma, haina roho. Kwa nyumba yangu hakuna kitu inakaa chafu, hata mufalme."

Nyumba nzima ikacheka. Hawa ndio watu ninaoishi nao: kwao kitu kikimulika ni kizuri, kisipomulika kipelekwe jaani. Miaka elfu na zaidi udongo uliwahifadhi wale wafalme, na shangazi akawamaliza kabla chai haijachemka.

Binti yake, nitakayemwita Zaitun, ataolewa na karani wa ghala moja huko Arua. Bwana huyu huvaa kalamu tatu mfukoni na sijawahi kumwona akiandika. Alipokuja kusalimia, alitaka kuona ile sarafu niliyobaki nayo. Aliishika kichwa chini miguu juu, akakohoa, akasema, "Huyu ni Kwini wa Ingereza."

"Kwini yenye ndevu?" nikauliza.

"Ile ya zamani," akajibu, na shangazi akamwongezea pilau. "Mutu imesoma, hii!"

Sasa wameamua kwamba sonara atatoboa zile nne zing'ae kwenye kipaji cha uso cha Zaitun siku ya harusi, na wanataka ya tano ikae katikati. Itasuguliwa kwanza, bila shaka. Baba amesema, "Toa, ni kichuma tu. Usinitie aibu mbele ya dada yangu." Nilipokataa, Zaitun alinicheka mbele ya wanawake waliokuwa wanachambua mchele: "Kama mufalme yako iko mukubwa hivyo, mbona anaogopa tundu moja?"

Nilikuwa nimekwisha kukata shauri niifiche na kurudi nayo shuleni. Lakini jana Zaitun alinikuta nyuma ya jiko nikinakili herufi. Alichuchumaa kando yangu, akaitazama bila kuigusa. Kisha akauliza, "Huyu bwana alikuwa na bibi?"

Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuniuliza swali lolote juu ya zile sarafu. Upande wa pili wa hii ya tano, chini ya kutu, kuna mwanamke amesimama na kitu mkononi ambacho bado sijakitambua. Sikuigeuza. Nilifumba kiganja, nikamwambia aende akasugue masinia. Akainuka akaenda kuyasugua, na kutii hivyo si desturi yake.

Sonara anaingojea Ijumaa. Nikimwonyesha Zaitun yule mwanamke, huenda akakataza isitobolewe, au huenda akaitaka zaidi ya kwanza. Nikimficha mwanamke huyo, yangu itapona, na Zaitun atavaa nne tupu zisizo na uso asijue alivaa nini. Ndugu wasomaji, nishaurini, nifanye nini?