Mwizi wa Ng'ombe Aliyeitwa Shemeji

Kitabu hakikuwa na jalada. Nilikinunua Korogwe, karibu na stesheni, kwa mtu aliyekuwa akitandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia. Siku hiyo mimi na mke wangu tulikuwa tukirudi kutoka Vugiri kwa wazazi wake. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, kwa hiyo mpaka leo sijui kinaitwaje wala ni nani aliyekiandika. Nilichokijua ni kwamba kilihusu mwizi wa ng'ombe, na kwamba maandishi yake yalikuwa makubwa, yanasomeka hata penye mwanga hafifu.

Nilikihitaji kwa ajili ya darasa. Kijijini kwetu Handeni, tulipokwisha kuhamia kwenye kijiji kipya cha ujamaa, niliombwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Sikuwa mwalimu wa kusomea. Shule niliishia darasa la nne, na mengine yote niliyapata kwa kujisomea: kamusi, magazeti ya zamani, vitabu vya hesabu, na maisha ya watu mashuhuri, ambayo nilikuwa nikiyaazima popote nilipoyaona. Tulikutana alasiri, watu wakishatoka shamba, ndani ya ghala la kijiji. Wanafunzi walikalia magunia ya mahindi. Wengi walikuwa wanawake, na mmoja wao alikuwa mke wangu.

Yeye hakutaka kuja. Nilimbembeleza msimu mzima. Nilimwambia kwamba mke wa mwalimu akiwa hajui kusoma, mwalimu huchekwa. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Sababu ni kwamba nyumbani aliniona nikiwa nimekaa tu, nimeinamia karatasi, na nilitaka anione nikiwa mbele ya watu.

Kitabu tulichopewa cha kufundishia kilieleza kilimo bora cha pamba. Wanawake wale walilima pamba mchana kutwa, na darasani hawakuwa na hamu ya kuisoma. Nikaamua kwamba kila Jumatano, somo likiisha, nitawasomea hadithi kwa sauti. Nilianza na maisha ya mtu mmoja mashuhuri, mtu mwema tangu utotoni mpaka kaburini, ambaye mimi nilimheshimu sana. Mbele kabisa alikaa bibi mmoja wa Kizigua ambaye kijiji kizima kilimwogopa kwa ulimi wake. Alisinzia mpaka sura ya tatu, kisha akafumbua macho.

"Mwalimu," akasema, "huyu hata muwa wa jirani hakuwahi kuuiba?"

"Hakuwahi, bibi."

"Basi mwache alale. Na sisi tulale."

Ndipo nikaleta yule mwizi.

Niseme kwa ufupi alikuwa mtu wa namna gani, maana ndiye aliyenisumbua. Aliiba ng'ombe kwa matajiri, lakini hakuwa akiwagawia maskini; alipenda tu kuwaona ng'ombe wengi wakitembea usiku mbele yake. Alikuwa na mdogo wake aliyemfundisha kazi hiyo. Mdogo akamuuza kwa askari. Mwizi akamuua kwa mkono wake. Kisha, badala ya kukimbia, akawaacha ng'ombe mtoni, akambeba mgongoni mpaka kwa mama yao ili azikwe kwao, huku akijua kwamba askari huenda wanamngoja huko. Mama akamwosha yule aliyekufa, halafu akampikia yule aliyeua. Mwizi alikaa mbele ya ugali ule hakuugusa.

Nilipofika hapo niliinua macho. Mke wangu alikuwa na tabia ya kusuka ukili huku akisikiliza. Mikono yake ilikuwa imesimama.

Jioni ile, akiwa anachambua mboga, aliniuliza, "Unadhani mama yake alimsamehe?"

Tulikuwa tumeishi pamoja miaka kadhaa, tuna watoto, na sikumbuki kama aliwahi kuniuliza ninadhani nini juu ya jambo lolote lisilohusu chakula au wagonjwa. Nilifurahi, nikaanza kumjibu kwa kirefu. Katikati ya maelezo yangu niligundua kwamba hanisikilizi. Alikuwa kule kwa yule bwana na sahani yake.

Kuanzia hapo niliona mambo mengi. Jumatano alinawa miguu kabla ya darasa. Kanga aliyoivaa ilikuwa ile ya safari. Siku moja mvua kubwa ilinyesha na watu hawakuja. Alikasirika kana kwamba amekosa mazishi ya ndugu. Na wenzake hawakunisaidia. Wanawake wa kijiji walikuwa wakiniita shemeji, kwa kuwa walimchukulia mke wangu kama dada yao. Sasa nikiingia ghalani walisema, "Mwalimu amefika," kisha wakamgeukia mke wangu.

"Na shemeji yetu je?" akauliza yule bibi. "Leo kalala wapi?"

"Tulimwacha mtoni, bibi," mke wangu akajibu, akicheka.

"Na damu ya mdogo wake bado imemganda mkononi. Maskini, nani atamfulia shati?"

"Muulize mwenyewe."

Walicheka wote. Na mimi nilicheka, nikifuta ubao.

Sikuwa nimewahi kuua mtu. Sikuwa nimewahi kuiba hata jembe. Sikumpiga mke wangu, na nyumba yetu haikulala njaa. Niliyapanga mambo hayo kichwani kama mtu anayejitayarisha kwenda barazani, na niliona hoja yangu haina kasoro. Lakini halikuwapo baraza la kuipeleka. Mshtakiwa wangu alikuwa wino kwenye karatasi, na karatasi yenyewe niliinunua mimi.

Jambo lililofuata nililifanya kwa utaratibu, kama ninavyofanya mambo yangu yote. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma. Wao walisikia kile tu kilichotoka kinywani mwangu. Basi Jumatano iliyofuata, nilipofika mahali mwizi anapopita kijiji kimoja alfajiri, niliinua macho kidogo, nikaongeza kwamba aliingia kwa mjane kipofu akamchukulia mbuzi wake wa pekee. Kisha nikaendelea na kitabu kama kawaida.

"Alikuwa na njaa," mke wangu akasema mara moja. "Tangu ugali wa mama yake hajala."

"Atamrudishia mbuzi wawili," akasema mwanamke mwingine kutoka nyuma.

"Na huyo mjane nani kasema ni mtu mzuri?" akauliza bibi. "Upofu si wema. Mimi nawajua vipofu."

Juma lililofuata nilimfanya achome nyumba. Wakasema nyumba ile bila shaka ilikuwa ya msaliti. Ndipo nilipojifunza jambo ambalo baadaye nililiona tena katika maisha ya watawala na majemadari niliyoyasoma: ubaya mkubwa haumpunguzi mtu wa namna hii. Kila nilipomwongezea dhambi, wasikilizaji wangu walimwongezea sababu. Walishamwona akishindwa kula ugali wa mama yake, na lolote lililokuja baadaye walilipima kwa sahani ile.

Nikafikiri upya. Kama makosa makubwa yanamkuza, basi dawa yake ni makosa madogo. Mwanamke anaweza kumsamehe muuaji wa mbali, nilijiambia, lakini mtu mwenye karaha nyumbani hamsamehi. Katika kitabu mwizi alikuwa na mke aliyetajwa kwa nadra. Nikamtumia huyo. Jumatano ile nilisoma kwamba mwizi alirudi kwake baada ya safari ndefu, akamkuta mkewe amelala, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua kijiti chenye alama, akakitumbukiza kwenye chupa ya mafuta ya taa, aone mkewe ametumia kiasi gani.

Niliinua macho nione matokeo.

Hakuna aliyenuna. Hakuna aliyemtetea pia. Walitazamana tu. Kisha bibi akajikuna shingo taratibu.

"Mwalimu," akasema, "huyu ni yule yule?"

"Ni yule yule, bibi."

"Aliyeacha kundi zima la ng'ombe mtoni akambeba maiti?"

"Ndiye."

"Anapima mafuta ya taa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi amerogwa. Au kuna mtu mwingine ameingia humo kitabuni."

Nyuma mtu alicheka puani. Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameinama akisuka ukili wake haraka haraka, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu. Mafuta ya taa yalikuwa ya shida miaka ile. Nyumbani kwetu, kwenye rafu, karibu na chupa, palikuwa na kijiti cha mkwaju nilichokitia alama kwa kisu, na kila asubuhi nilikitumbukiza humo. Nilimpa mwizi kijiti hicho kwa sababu nilikuwa nimetafuta ubaya mdogo wa kumpa, na huo ndio uliokuwa karibu.

Tulirudi nyumbani. Alikoka moto, akainjika chungu, ndipo akaanza.

"Baba watoto, kijiti ulichompa ni chako."

"Ni hadithi tu."

"Ni hadithi, ndiyo. Ya mjane nilinyamaza. Ya nyumba kuchomwa nilinyamaza. Nilijua unamsingizia, maana sauti yako hubadilika, huwa kama unasoma risala kwa mkuu wa wilaya. Lakini leo umenitia mimi humo ndani. Wenzangu wote wameniona nimelala na chupa kichwani."

"Kwa hiyo muuaji ni bora kuliko mimi?"

Aliwaza kabla ya kujibu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba aliona ni swali la kuwaza.

"Sijasema bora," akasema. "Yule namsikiliza. Wewe naishi nawe. Akija yule hapa na panga lake nitakimbilia kwa nani? Kwako. Lakini Jumatano niache nimsikilize."

"Na mimi nani atanisikiliza?"

"Wewe ukiwa na jambo, sema. Ukisema la pamba, nitasikiliza la pamba."

Kisha akanyoosha mkono. "Nipe kitabu."

Alikuwa amefikia kusoma kwa kidole, silabi kwa silabi. Ningeweza kumwambia kwamba kitabu ni cha darasa. Jibu hilo nilikuwa nalo tayari mdomoni. Lakini mkono wake ulikuwa umenyooka, na ni mimi niliyembembeleza msimu mzima ajifunze. Nikampa.

Majuma yaliyofuata yalikuwa magumu kuliko yale ya ghalani. Ghalani nilikuwapo kati yao, angalau kama sauti. Sasa alikaa karibu na moto kabla ya giza kuingia, midomo ikicheza, mara nyingine akijirudia neno kwa Kishambaa, lugha ya kwao, chini chini ili alishike vizuri, na mimi nilikaa ng'ambo ya chungu nikimtazama. Alirudi nyuma kuhakikisha: mjane hayumo, nyumba haikuchomwa. Kisha alifunua tu ukurasa. Siku moja alilia. Nilijua mwisho wa hadithi ile, nilikuwa nimeisoma yote, lakini sikuweza kujua kutoka nilipokaa ni mstari upi uliomliza.

"Umefika wapi?" nikauliza.

"Nimefika."

Asubuhi moja sikukiona kijiti rafuni. Nilikitafuta chini, nikatafuta nyuma ya debe, mwisho nikakiona kikichungulia kitabuni. Alikuwa amekifanya alama ya ukurasa. Nilikivuta kidogo, kilinuka mafuta ya taa, na ukurasa ulikuwa umepata doa. Nikakirudisha. Kukichukua kungekuwa kujibu.

Sura ya mwisho niliisoma darasani kama ilivyoandikwa, bila kuongeza nukta. Mwizi anakamatwa kwa sababu amerudi kupalilia kaburi la mdogo wake. Nilipoinua macho nilimwona mke wangu kwenye gunia lake akisema maneno yale yale kwa midomo tu, bila sauti, na alikuwa mbele yangu kwa neno moja au mawili. Niliharakisha. Hakuningoja wala sikumfikia.

"Leo umesoma sawasawa, Mwalimu," akasema bibi, akijifuta macho kwa upande wa kaniki. "Tuletee mwingine. Lakini awe na dhambi."

Baada ya mavuno tulikwenda Vugiri tena. Tulipokuwa tukirudi tulipita kwa yule muuza vitabu wa Korogwe. Alitukumbuka.

"Kile cha mwizi mlikipenda?"

"Kilisomeka," nikasema.

"Sasa mnataka cha namna gani?"

"Cha mtu mbaya," mke wangu akasema.

"Mbaya kiasi gani, mama?"

"Mbaya kabisa. Lakini awe na kitu kinachomuuma."

"Na awe mtu mzima," nikaongeza. "Kijana tumeshamsoma."

Muuzaji alipekua, akatoa kitabu chembamba cha hakimu mzee, mwenye makengeza, mla rushwa, anayetembea na mkongojo. Nilikifungua katikati nikahakikisha. Alikuwa na kikohozi pia. Nililipa bila kuomba apunguze.

Lori la Handeni lilikuwa limejaa, tukapata nafasi nyuma juu ya mizigo. Nilichukua kapu la viazi alilotupatia mama mkwe nikaliweka magotini. Mke wangu alifungua kitabu, akaweka kidole. Vumbi lilitupanda, akavuta kanga mpaka puani, akaendelea. Tulikuwa hatujatoka mbali na mji aliponigeukia.

"Unajua kwa nini alianza kula rushwa?"

"Kwa nini?"

Alitoa kijiti kwenye pindo la kanga, akakishika tayari mkononi, akafungua ukurasa uliofuata.